Ndege wakubwa wamejaa kwenye mikaratusi yetu Kirumba. Ni tai, kipanga au mwewe?

Mama Kulwa (Mwanza)

Habari za jioni. Naomba msaada wa mtu anayewajua ndege wala nyama, na naomba nijibiwe kabla ya Jumapili. Sababu nitaieleza.

Naishi Kirumba, upande wa mlimani, nyumba zetu zimebanana katikati ya mawe. Nikikaa barazani naliona ziwa, na chini kule mapaa ya soko la Mwaloni. Nyuma ya nyumba kuna mikaratusi sita mirefu. Tangu katikati ya Oktoba, kila jioni kuanzia saa 11 na nusu, ndege wakubwa wa kahawia wanakuja kutoka ziwani na kutoka upande wa uwanja wa CCM Kirumba. Wanazunguka juu bila kupiga mbawa, mmoja juu ya mwenzake, kisha wanashuka mmoja mmoja kwenye matawi makavu ya juu. Jumamosi niliwahesabu 63 kabla giza halijanizidi. Asubuhi jua likishapasha mawe, wameondoka wote.

Sasa mwewe namjua. Nimefuga kuku tangu nilipoolewa, nitaachaje kumjua? Mwewe wangu ana mdomo wa njano mtupu kama ganda la ndizi mbivu. Kwenye mikaratusi wamo wa namna hiyo, lakini wengi wao mdomo ni mweusi, na kichwa kimefifia kama kilichomwagiwa majivu. Juzi mmoja alitua kwenye bati la choo cha jirani, hatua kama kumi kutoka nilipokuwa naanika nguo. Nikasimama na shuka mkononi nikamtazama. Pale penye pua kuna ngozi ya njano kidogo, mbele yake mdomo mweusi tii. Jicho lina unjano uliopauka. Alikuwa ameukanyaga utumbo wa sato kwa mguu mmoja, anauvuta taratibu kwa mdomo kama fundi anayevuta uzi. Aliniona, na hakujali.

Mtaani kila mtu ana jina lake. Mzee mmoja anasema tai. Vijana wanasema kipanga. Mama mmoja wa jumuiya yetu anasema ni ndege wa msiba, kwa kuwa mzee wa nyumba ya nne alifariki wiki ile ile walipoanza kuwa wengi. Mzee wetu alikuwa anaumwa tangu Pasaka, na ndege walitangulia kuja, lakini neno kama hilo likishasemwa linatembea lenyewe.

Hasara ipo, siifichi. Mtetea wangu alitotoa vifaranga 11, na wanne wameshachukuliwa. Mtoto wa jirani, ana miaka sita, alinyang'anywa kipande cha samaki wa kukaanga mkononi akitoka kununua, ukucha ukamchana kidole. Baada ya hapo kijana mmoja wa hapa, kijana mzuri ambaye hunipandishia maji kila siku, akanunua sumu. Anataka kuiweka kwenye matumbo ya samaki chini ya mikaratusi. Nimemwomba asubiri mpaka Jumapili nikaulize. Amekubali kwa kuniheshimu tu.

Hawa ni ndege gani? Kwa nini wamekuwa wengi hivi kwa mara moja? Na ni kweli wanaweza kumbeba mtoto mdogo kama watu wanavyosema?

---

Mtazama Mbawa (Arusha)

Shikamoo mama.

Mimi nilisoma pale Mweka, chuo cha wanyamapori, na kwa miaka 19 sasa naongoza wageni wanaokuja kutazama ndege. Umetazama vizuri kuliko wengi wanaokuja na darubini shingoni. Wote hao ni mwewe, mama. Una mwewe wa aina mbili kwenye mti mmoja.

Mwenye mdomo wa njano mtupu ni mwewe wetu wa Afrika. Anazaliana huku huku na kuhamahama ndani ya bara hili. Mwenye mdomo mweusi na kichwa cha majivu ni mgeni, mwewe mweusi wa kaskazini. Anazaliana Ulaya na Asia kwenye majira yao ya joto, kisha Septemba na Oktoba anashuka Afrika kuikimbia baridi. Ndege hawa huelea kwenye hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya bahari hewa hiyo haipandi sawasawa. Ndiyo maana husongamana penye bahari nyembamba: Gibraltar, ambako maji yana upana wa kilomita 14 tu, au Bosphorus pale Istanbul, au huzungukia nchi kavu ya Suez. Huyo aliyekaa kwenye bati la choo na utumbo wa sato, mwezi wa tano huenda alikuwa analea makinda kwenye msitu wa Ulaya. Ikifika Machi hivi utaona kwenye mikaratusi wanapungua kila jioni.

Tahadhari moja. Kinda wa mwewe wetu naye ana mdomo mweusi, kwa hiyo mdomo peke yake utakudanganya. Kinda ana michirizi na madoa ya rangi ya maziwa kifuani na mgongoni, kama aliyenyunyiziwa unga, na jicho lake ni la kahawia. Ukiona jicho lililopauka pamoja na kichwa cha majivu, kama ulivyoona wewe, huyo ni mgeni mzima.

Kwa wabishi wa mtaani, waambie watazame mkia. Mkia wa mwewe una bonde katikati, kama mkia wa samaki. Akiutandaza wote bonde linapotea, hivyo subiri aufunge. Na akiruka anaupindisha huku na huku muda wote, kama nahodha na usukani. Tai hana mkia wa namna hiyo. Furukombe, ambaye bila shaka mnamsikia akilia upande wa kisiwa cha Saanane, ana kichwa na kifua cheupe na mkia mfupi mweupe. Kipanga ana mbawa fupi za mviringo na mkia mrefu, anawinda kwa kuvizia katikati ya miti, tena peke yake. Huwezi kumkuta akilala na wenzake sitini. Kozi mbawa zake zimechongoka kama mundu. Tumbusi uso wake ni kipara. Na yule mkubwa wa dampo mwenye mfuko unaoning'inia shingoni, marabou, ni jamii ya korongo, hayumo kabisa kwenye ukoo huu.

Kubeba mtoto, hapana. Mwewe mzima hafiki kilo moja, ingawa akitandaza mbawa anafika mita moja na nusu na ndiyo inayowatisha watu. Hawezi kuinua kiumbe kizito kuliko yeye. Anachukua kifaranga, panya, mjusi, samaki, andazi. Alichomfanyia mtoto ni kunyakua kwa kupita, bila kutua, ndivyo alivyo, na kidole kilikuwa karibu na samaki. Hata hivyo kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi, na mtoto apelekwe zahanati waangalie chanjo yake ya pepopunda. Kucha zile zinashika mizoga.

Kuhusu wingi wao: nje ya msimu wa kutaga mwewe hulala kwa pamoja. Mti mrefu, matawi makavu, upepo mzuri wa kuondokea asubuhi, na chakula karibu. Hapo kwenu vyote vipo. Naomba uniambie, matumbo ya samaki yanayotoka kwa wanaopara yanatupwa wapi?

---

Mkurya Halisi (Musoma)

Kwetu huku ndege wote wa mdomo uliopinda tunawaita tai na hakuna aliyepotea. Lakini nimejifunza kuhusu mkia. Kesho naenda mwaloni kutazama.

---

Binti wa Mji wa Kale (Mombasa)

Salaam kwenu. Hayo majina yamechanganyika tangu zamani, kaka, hayakuchanganywa na nyinyi. Kuna wazee wa pwani ambao ukisema tai wanamfikiria tumbusi, na ukisema kipanga wanakuuliza ndege au yule nzi mkubwa anayeuma ng'ombe. Mwewe peke yake ndiye aliyebaki na jina lake, nadhani kwa sababu kila nyumba yenye kuku ilimhitaji kumtaja.

Bibi yangu alitusimulia kuwa kuku aliazima wembe kwa mwewe akaupoteza. Ndiyo hata leo anachakura mchanga akiutafuta, na mwewe anachukua watoto wake kwa deni. Sisi watoto tulikuwa tunamsaidia kuku kutafuta, kweli kabisa, tunachimba na vijiti uani mpaka tunaitwa kula.

Lakini bibi huyo huyo hakuwa akipoteza vifaranga, Mama Kulwa, na njia yake nakupa. Wiki sita za kwanza vifaranga hawatoki nje bila kifuniko. Asubuhi anawaweka na mama yao chini ya tenga kubwa, jiwe juu yake. Wakikua kidogo alikuwa anafunga nyavu kuukuu za wavuvi kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya ua, kwa urefu wa mtu kupita akiinama. Mwewe hashuki mahali ambapo haoni njia ya kuondokea. Kwa nyinyi mlio ziwani nyavu kuukuu hazitakosa. Zikaze sana. Zikilegea ndege ananasa na kuvunjika mbawa, na kuku pia.

Jingine: kunguru. Hapa kwetu tuna hawa kunguru wa Kihindi, waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wasafishe taka za mji, wakaenea pwani yote na leo hawana mfano kwa uharibifu. Nawaona wakimsonga mwewe hewani watatu kwa mmoja mpaka anaacha alichobeba. Mwewe hakuletwa na mtu. Alikuja mwenyewe kufuata kile tunachokitupa, na anakula panya na mizoga bila kumwaga dampo barabarani. Ningekuwa wewe ningempigania.

---

Daktari wa Ng'ombe (Dodoma)

Mama Kulwa, mimi ni daktari wa mifugo, na nimekatisha chakula niandike hapa. Tafadhali sumu hiyo isiwekwe.

Anayeifikia kwanza hatakuwa mwewe. Matumbo ya samaki yaliyowekwa chini ya mti yataliwa na mbwa, paka, bata na kuku wako mwenyewe. Watoto wanacheza pale. Mvua ikinyesha kwenye mlima wa mawe kama huo maji hayanywi ardhini, yanateremka moja kwa moja kwa majirani wa chini na ziwani. Sumu za shambani ambazo watu hutegea wanyama ni zile zinazoua kwa chembe ndogo. Nimeshapasua mbwa waliokufa kwa njia hii, na mwenye mbwa amesimama pembeni analia. Na mzoga wa anayekufa unamuua anayekuja kuula.

Kuna jambo lilitokea India ambalo kila daktari wa mifugo anafundishwa. Miaka ya 1990 tumbusi wa kule walianza kufa kwa wingi, na aina tatu zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95. Hakuna aliyewategea. Ng'ombe walikuwa wakichomwa diklofenaki, dawa ya maumivu, na tumbusi aliyekula mzoga wa ng'ombe huyo figo zake zilikufa. Mizoga ikabaki inaoza, mbwa wasio na wenyewe wakaongezeka, na hatari ya kichaa cha mbwa ikaongezeka nao. Serikali ya India ilikataza dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, na mpaka leo ndege wale hawajarudi walivyokuwa. Hapo ni dawa halali iliyotolewa kwa nia njema. Sasa fikiria sumu ya makusudi.

Tena kwa sheria yetu ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2009, kuua mnyamapori bila kibali ni kosa, na kumtegea sumu ni kosa pia. Kijana wako anaweza kuingia matatani kwa ajili ya vifaranga wanne. Mwambie hivyo hivyo, kwa upole.

---

Mama Kulwa (Mwanza)

Marahaba mwanangu wa Arusha. Daktari, Mungu akubariki na chakula chako kisipoe. Binti wa Mombasa, na mimi hadithi ya kuku nilisimuliwa, ila kwetu ilikuwa sindano.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nione kwa macho yangu. Alhamisi jioni nilimwita kijana barazani, nikampa chai, nikamwambia leo unanisaidia kuhesabu kwa kuwa macho yako ni mapya. Simu yake inavuta picha kutoka mbali. Tukapiga picha za mikia. Kwa dakika kumi hatukuona kitu, maana walikuwa wanazunguka mikia imetandazwa, na akaanza kuniambia mama, unaona, ni tai. Kisha mmoja akafunga mkia ili ashuke, na bonde likaonekana, safi kabisa. Kijana akasema "ah!" kwa sauti. Baada ya hapo hakuacha. Anapiga, ananionyesha, anapiga tena. Kwa picha zake tulitambua 22 wenye midomo ya njano na 31 wenye vichwa vya majivu. Wengine hatukuweza kuamua, na watatu walikuwa na zile chembe za unga kifuani ulizozisema.

Nilipomweleza kuwa hawa wa majivu wametoka Ulaya alinyamaza kidogo, kisha akauliza: kwa mbawa hizo hizo? Nikamwambia ndiyo.

Kuhusu sumu sikumhubiria. Nilimsomea tu maneno ya daktari kuhusu mbwa na maji yanayoteremka mawe. Nyumba ya mama yake iko chini ya mikaratusi. Ijumaa asubuhi alileta pakiti haijafunguliwa, na tumeirudisha pamoja duka la pembejeo. Mwenye duka alikataa kurudisha hela. Nimemfidia nusu.

Umeniuliza matumbo ya samaki yanatupwa wapi. Hilo swali limenichoma, kwa sababu jibu nalijua na nimelipita kila siku. Akina mama wanaopara samaki mtaani kwetu wako watano, wanakaa kwenye jiwe bapa chini ya mikaratusi kwa ajili ya kivuli, na matumbo na magamba wanayamwaga kwenye mfereji pale pale. Huku hakuchimbiki shimo, ukipiga jembe unakutana na jiwe. Mimi mwenyewe nimenunua samaki pale miaka yote nikaondoka na mfuko wangu. Tumekuwa tukiwaandalia chakula chini ya kitanda chao, kisha tunawashangaa kuja kulala.

Nimeongea na akina mama hao jana. Wanasema hata wao wanapokonywa, mmoja alichukuliwa sato mzima mdogo kwenye beseni akiwa ameinama. Tumekubaliana ndoo tatu za mfuniko, mbili nimetoa mimi. Kuna mfuga nguruwe wa Buswelu ambaye atapita na bodaboda kila jioni kuzichukua, anayachemsha. Anataka na mapanki pia, yaani mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, akipata.

Mtoto alipelekwa zahanati, chanjo zake zimekamilika, kidole kinapona. Mama wa jumuiya nimemwonyesha picha. Amesema ndege ni wazuri, la msiba hakulifuta. Nimeliacha hapo.

Lakini swali jingine limetokea, mwanangu wa Mbawa. Jana mvua ilinyesha mchana, na ilipokatika kumbikumbi wakatoka kwenye nyufa za mawe kama moshi. Juu yao wakaja ndege wadogo, kama njiwa kwa ukubwa au pungufu, mbawa za mundu, wanapita kwa kasi ya ajabu, wananyakua kwa mguu na kula hapo hapo hewani. Walikuwa tisa. Kijana alipata picha moja isiyo na ukungu: masharubu meusi mashavuni, koo jeupe, kifua kina michirizi, na mapaja mekundu kama udongo wa Sumbawanga. Hao nao ni kina nani?

---

Mtazama Mbawa (Arusha)

Mama, hao ni kozi, na kwa masharubu hayo na hiyo "suruali" nyekundu ni kozi wa Ulaya anayehama. Anafuata mvua na kumbikumbi kutoka huku kwenda kusini. Wakati huu wa mwaka kuna mwingine anayepita Afrika Mashariki, kozi wa Amur, ambaye anatoka kaskazini ya China na mashariki ya Siberia, anapitia India na kuvuka Bahari ya Hindi bila kutua. Dume lake ni kijivu cha mkaa, miguu myekundu kama pilipili, na chini ya bawa kuna weupe unaomweka akigeuka. Jike lake ndilo linaloweza kukuchanganya, maana nalo lina masharubu na michirizi. Lakini mapaja yake yana rangi ya machungwa iliyofifia, si udongo wa Sumbawanga. Kijana atazame miguu pia: ya kozi wa Ulaya ni ya njano, ya Amur inaelekea rangi ya machungwa au nyekundu.

Kozi hawa hawana haja na vifaranga wako. Wadudu, mbayuwayu, popo wa jioni, basi.

Mwambie kijana aandike tarehe, saa na idadi kila anapohesabu, hata kwenye daftari la shule. Jioni zenye mvua aandike kwamba kulikuwa na mvua. Mwezi wa tatu nataka kujua siku gani wa majivu wanaanza kupungua.

---

Mama Kulwa (Mwanza)

Miguu ni ya njano. Ametazama tena picha, amekuza mpaka imekuwa vigae, anasema njano.

Daftari amenunua, la mistari, kurasa 96. Jana ameandika 58, upepo wa ziwani, mwisho saa 12 na dakika 40. Leo asubuhi amepanda ukutani kunifungia nyavu, tumezikaza na waya. Vifaranga saba wapo chini yake na mama yao.